Dawa na vifaa vya ukungu nyumbani: kipi kinafanya kazi, kipi kiachwe dukani

Chupa karibu zote za dawa ya ukungu huandikwa neno moja kubwa mbele: HUUA. Mara nyingi ni kweli, dawa huua. Lakini ukungu mfu uliobaki ukutani unaendelea kumkohoza mwenye pumu na kumpigisha chafya mwenye mzio, kwa sababu mwili hauulizi kama ukungu ni hai au umekufa. Unagombana na vumbi lake. Isitoshe, mbegu za ukungu zimo hewani katika kila nyumba, na ukuta unaobaki na unyevu utaotwa tena hata kama dawa ilifanya kazi yake vizuri siku ya kwanza.

Kwa hiyo kila kitu hapa kimepimwa kwa maswali matatu. Kinautoa ukungu pale ulipo? Kinaondoa maji yanayoulisha? Na kinaharibu nini kikiwa kazini? Kuua ni sifa ya ziada tu.

Kipima unyevu: hiki kwanza, kabla ya chupa yoyote

Kifaa kidogo cha dijitali kinachoonyesha joto la chumba na asilimia ya unyevu wa hewa ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho watu hukinunua mwisho. Bila hicho huwezi kujua kama tatizo ni hewa ya chumba kizima au ni bomba linalovuja nyuma ya ukuta mmoja, na tiba za mambo hayo mawili hazifanani hata kidogo.

Lenga chini ya asilimia 60, na ukiweza kati ya 30 na 50. Ukungu wenyewe hauangalii namba ya katikati ya chumba. Unaangalia unyevu uliogusana na ukuta. Hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 60 inaonekana salama, lakini hewa hiyohiyo ikigusa ukuta wenye nyuzi 20, unyevu wake pale ukutani unapita asilimia 80, na hapo ukungu unaota hata kama hujaona tone moja la maji. Ndiyo maana madoa huanzia pembeni mwa dari, nyuma ya kabati na chini ya dirisha: ni sehemu zenye ubaridi ambazo hewa haipiti. Kipima unyevu kikae kwanza mahali unapolala, kisha kisogezwe nyuma ya kabati kwa siku 2. Tofauti kati ya namba hizo mbili inasema mengi kuliko doa lenyewe.

Kasoro ya vifaa hivi ni usahihi. Vizuri hukosea kwa asilimia 2 au 3, vya ovyo hukosea kwa 10 bila kukuambia. Kuna jaribio la nyumbani ambalo halihitaji fundi: weka kijiko cha chai cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ongeza matone machache ya maji hadi iwe kama mchanga uliolowa, wala isielee. Funga kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha saa 12 hadi 24 mahali pasipo jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kifaa kikisoma 71, ongeza 4 kila unapokisoma. Kikisoma 60, kirudishe dukani. Nunua viwili kama inawezekana, kwa kuwa viwili vinavyokubaliana vinaaminika zaidi ya kimoja cha bei kubwa.

Dawa za maji

Mshindi hapa ni sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu. Kwenye vigae, kioo, chuma, plastiki na rangi inayooshika, sabuni huutoa ukungu pamoja na mafuta na uchafu unaoulisha, haichubui rangi na haitoi mvuke wa kuwasha mapafu. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita 2 za maji kinatosha. Sugua kwa brashi ya nyuzi laini, futa kwa kitambaa kilicholowa, suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili, kisha kausha kwa kitambaa kikavu. Ndoo mbili ni lazima. Anayesuuza kitambaa kwenye maji yaleyale ya sabuni anaupaka ukungu upya ukutani. Na kausha hapohapo, usiache ukuta ujikaukie wenyewe.

Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, inastahili sifa yake mahali pamoja tu: kwenye kitu kigumu kisichonyonya maji, baada ya kuoshwa kwa sabuni. Hapo huua na hung'arisha doa lililobaki. Kipimo kinachotosha ni mililita 60 za klorini ya nyumbani kwa lita 1 ya maji. Kuongeza zaidi hakuna haja. Kunaongeza harufu na kuharibu mpira, nguo na chuma. Uso ukae umelowa dakika 10 hadi 15, ndipo usuuzwe. Wanaopulizia na kufuta papo hapo wanapata ukuta mweupe wenye ukungu ulio hai, maana rangi ya ukungu hupauka kabla ukungu wenyewe haujafa. Hilo ndilo kosa linalozaa malalamiko mengi kwamba dawa ni feki.

Kosa la pili ni kuitumia kwenye mbao, jipsamu na plasta isiyopakwa rangi. Klorini hukutana na karatasi, mbao na uchafu pale juu na kuisha nguvu palepale. Kinachopenya ndani ni maji, na maji ndiyo chakula cha nyuzi za ukungu zilizojificha huko. Baada ya wiki chache doa hurudi mahali palepale, safari hii likiwa pana zaidi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi klorini iwe dawa ya kawaida ya kusafishia ukungu, na katika hili liko sahihi kabisa.

Angalia pia umri wa chupa. Klorini hupungua nguvu kila mwezi, na joto na mwanga huharakisha. Chupa ya lita 5 iliyokaa mwaka mzima kwenye banda lenye joto haifai tena kuaminiwa. Nunua ndogo, ifunge, iweke gizani, na mchanganyiko wa maji utengeneze wa siku hiyo tu. Zile klorini nzito zenye manukato, zinazojinadi kwamba hazirukiruki, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kufua na si za kuulia vijidudu. Soma lebo nyuma kabla ya kulipa.

Onyo hili halina mjadala: klorini isichanganywe na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala kitu chochote chenye amonia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia hutoa kloramini, na zote mbili zinaweza kumlaza mtu hospitali. Hata kutumia moja baada ya nyingine kwenye bafu bila kusuuza ni hatari ileile.

Siki inapendwa kupita uwezo wake. Asidi yake ya asilimia 5 inadhoofisha baadhi ya aina za ukungu na nyingine inaziacha zikiendelea. Penicillium hudhurika kirahisi, wakati Aspergillus huvumilia. Ipulizie bila kuichanganya na maji, iache saa 1, kisha sugua. Inafaa kwa mpira wa mlango wa friji na kwa madoa mepesi juu ya plastiki. Isiguse marumaru, terazo wala saruji ya katikati ya vigae, kwa kuwa asidi hula chokaa: baada ya mara kadhaa saruji hiyo inakuwa na vishimo, na kila kishimo kinakuwa kitalu kipya cha ukungu.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya chupa nyeusi au ya kahawia inayouzwa famasi, ndiyo inayostahili nafasi ya klorini kwenye nyumba nyingi. Ikimaliza kazi inabaki kuwa maji na oksijeni, haina mvuke wa kukaba, na povu lake husaidia kuinua uchafu. Ipulizie kama ilivyo, iache dakika 10, sugua, futa. Ijaribu kwanza pembeni kwani hupausha kitambaa na rangi nyeusi. Usiihamishie kwenye chupa ya kupulizia inayopitisha mwanga na kuiacha humo. Mwanga huivunja, na baada ya muda utakuwa unapulizia maji matupu. Funga kichwa cha kupulizia kwenye chupa yake yenyewe.

Dawa zenye benzalkoniamu kloraidi, ambazo kwa kawaida hazina harufu kali na husema kwenye lebo kwamba hazipaushi, ni nzuri kwa rangi nyeusi na kwa mbao zilizopigwa vanishi. Huacha utando mwembamba unaochelewesha ukungu kurudi. Zina adui mmoja ambaye lebo nyingi hazimtaji kwa sauti: sabuni ya kawaida huzifuta nguvu. Ukiosha kwa sabuni na kupulizia juu yake bila kusuuza, umepoteza dawa yote. Na kwa sababu hazipaushi, doa linaweza kubaki hata baada ya ukungu kufa na kufutwa. Kivuli hicho usikisugue hadi rangi ichubuke. Kitafunikwa na rangi ya msingi.

Kabla ya kununua dawa yoyote kati ya hizi, hakikisha kwamba hicho unachokiona ni ukungu. Unga mweupe unaochanua chini ya ukuta wa saruji au tofali mara nyingi ni chumvi iliyosukumwa nje na maji. Udondoshee maji: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki. Doa jeusi lidondoshee tone la klorini iliyochanganywa na maji. Likipauka ndani ya dakika 1 au 2, huenda ni ukungu, lisipobadilika ni vumbi au moshi.

Jeli ya silikoni, na silikoni yenyewe

Mstari mweusi unaozunguka beseni au sinki hausafishiki kwa kupulizia, kwa kuwa dawa huteremka kabla ya kufanya kazi. Jeli nzito ya klorini, inayouzwa kwenye tyubu yenye mdomo mwembamba, imetatua hilo vizuri: unaipaka juu ya mstari mkavu, unaiacha saa 6 hadi 10, unaifuta kwa karatasi kisha unasuuza. Uso ukiwa na maji jeli huchuruzika na haina maana tena. Karatasi ya chooni iliyosokotwa, ikaloweshwa klorini na kulazwa juu ya mstari usiku kucha, inatoa matokeo yanayokaribiana sana na ya jeli, kwa gharama ndogo zaidi. Vaa glavu na acha dirisha wazi.

Ikiwa weusi umo ndani ya silikoni, yaani ule utepe wa mpira unaoziba mwanya, na si juu yake, hakuna jeli itakayoufikia. Ikate. Pitisha kisu chenye makali pande zote mbili za mstari, vuta utepe wote, kwangua mabaki, futa kwa spiriti, na acha pakauke saa 24 nzima. Hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu: silikoni mpya juu ya mfereji wenye unyevu huachia ukingoni ndani ya miezi michache na maji huingia nyuma yake. Chagua silikoni ya bafuni yenye kinga ya kuvu. Ile inayonuka siki wakati inakauka haishiki vizuri kwenye saruji, hula marumaru na huchochea kutu kwenye chuma; kwa sehemu hizo nunua aina isiyo na asidi. Kama silikoni inazunguka beseni la kuogea, lijaze maji kwanza ndipo upake, kwa sababu beseni lenye uzito hushuka kidogo na kuvuta mwanya. Usiguse maji kwa saa 24. Kinga ya kuvu iliyomo ndani huisha taratibu, hivyo tarajia kuibadilisha tena baada ya miaka kadhaa. Hiyo si kasoro ya bidhaa.

Barakoa na mashine ya kufyonza vumbi

Barakoa ya N95 au FFP2 ndiyo ya kununua. Ile nyepesi ya hospitali haizibi pembeni mwa mashavu, na kusugua ukungu mkavu bila barakoa inayoziba ni kuzivuta mbegu moja kwa moja kifuani. Miwani iwe ile isiyo na matundu ya hewa, glavu zifike katikati ya mkono. Lowesha ukungu kwa manyunyu ya chupa ya maji kabla ya kuugusa. Ukiwa umelowa haurushi vumbi.

Mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida isikaribie ukungu kabisa, maana hufyonza mbele na kutema mbegu nyuma. Yenye kichujio cha HEPA, kinachokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, inafaa kwa kumalizia baada ya kufuta. Hakikisha mfuniko wake hauvuji; mashine nyingi zina kichujio kizuri ndani ya bodi yenye nyufa.

Mashine za kuondoa unyevu

Kwa chumba ambacho kipima unyevu kinasoma zaidi ya 65 siku nyingi, na hakuna bomba linalovuja, mashine ya kompresa ndiyo yenye kubadilisha hali. Hufanya kazi kama friji: hewa inapita kwenye koili baridi, inaangusha maji kwenye tangi, inatoka ikiwa kavu na yenye joto kidogo. Inapenda vyumba vya nyuzi 18 kwenda juu. Chini ya nyuzi 15 koili huanza kushika barafu, mashine husimama kuiyeyusha, na maji yanayopatikana hupungua sana. Kwa vyumba baridi kuna aina nyingine, inayotumia gurudumu lenye kemikali ya kunyonya maji pamoja na hita. Haijali baridi, ila hula umeme zaidi, wati 300 hadi 700, na hupasha chumba joto. Usiinunue kwa chumba ambacho tayari ni cha joto.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi inahitaji kusomwa kwa jicho kali. "Lita 12 kwa siku" mara nyingi imepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo ni ya bafu zaidi kuliko chumba cha kulala. Kwenye nyuzi 20 na asilimia 60 tarajia nusu yake au chini ya hapo. Tangu 2019 Marekani hupima mashine za kuhamishika kwenye nyuzi 18 hivi na unyevu wa asilimia 60, kwa hiyo mashine ya huko yenye namba ndogo inaweza kuwa na nguvu sawa na ya kwingine yenye namba kubwa. Linganisha masharti ya kipimo, ndipo ulinganishe namba.

Mashine ya wati 200 ikifanya kazi saa 10 hula uniti 2 za umeme. Iweke kwenye asilimia 50 hadi 55. Kuiamuru ifike 40 ni kulipia umeme mwingi kwa faida ndogo. Funga madirisha inapofanya kazi, la sivyo itakuwa inakausha hewa ya nje. Iache sentimita 20 au 30 kutoka ukutani, osha kichujio kila wiki 2, na kama ina tundu la bomba la kutolea maji, litumie, kwa sababu tangi likijaa usiku mashine hujizima. Usiamini sana namba inayoonyeshwa na mashine yenyewe. Kihisio chake kimekaa karibu na moto wake. Na kama ilisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Vile vimashine vidogo visivyo na sauti, vyenye tangi la nusu lita, vinatumia teknolojia ya Peltier, yaani kibamba cha umeme kinachopoa upande mmoja. Vinauzwa sana na vinasikitisha. Cha wati 23 hutoa robo lita kwa siku kwenye mazingira ya joto na unyevu mwingi, yaani chini ya nusu lita kwa kila uniti ya umeme. Kompresa ya wati 200 inayotoa lita 12 kwenye mazingira hayohayo hufikisha lita 2 na nusu kwa uniti. Watu wawili wakilala saa 8 wanapumua na kutoa jasho la mvuke wa karibu nusu lita, hivyo kimashine hicho hakiwezi kuwafikia hata wakiwa usingizini. Kinafaa kabatini, basi.

Makopo ya kunyonya unyevu

Chembe nyeupe zilizomo ni kalsiamu kloraidi, chumvi inayovuta mvuke hewani hadi inayeyuka yenyewe. Ndani ya kabati lililofungwa, sanduku la nguo au stoo ndogo isiyo na dirisha, kopo moja hufanya kazi nzuri kwa wiki kadhaa. Katikati ya sebule ni kutwanga maji kwenye kinu: familia ya watu wanne, kwa kupika, kuoga, kufua na kupumua, inaweza kutoa lita 10 za mvuke kwa siku, na kopo zima hukusanya nusu lita kwa mwezi. Hasara yake ni yale maji ya chini. Hayakauki, yanakula chuma, yanaharibu ngozi na mbao, na yakimwagika sakafuni huacha utelezi unaorudi kila hewa inapokuwa na unyevu. Liweke kopo ndani ya bakuli, mbali na watoto, na chagua lenye utando juu usiopitisha maji likianguka.

Vifuko vya silika jeli ni bora kwa viatu, mikoba na kamera. Hukaushwa upya kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 1 au 2, kama kifuko chenyewe kinastahimili joto. Vinunue vya rangi ya machungwa. Vya buluu hupakwa kobalti kloraidi, ambayo ni sumu.

Feni ya bafuni

Ni kifaa cha zamani na bado hakina mshindani, kwa sababu huutoa mvuke kabla haujafika ukutani. Itafute yenye uwezo wa mita za ujazo 85 kwa saa au zaidi, na ikae ikizunguka dakika 20 hadi 30 baada ya kuoga. Yenye kihisio cha unyevu hujiwasha na kujizima, na katika nyumba yenye watoto hilo lina thamani kubwa. Shikiza karatasi moja ya chooni kwenye wavu wake: isiposhikwa, feni inapiga kelele tu. Sababu huwa vumbi kwenye panga zake, au mlango usio na mwanya wa hewa chini; sentimita 1 hadi 2 zinatosha. Bomba lake litokeze nje ya nyumba. Mafundi wanaoliishia juu ya dari wanahamisha ukungu kutoka bafuni hadi kwenye mbao za paa, ambako hakuna atakayeuona hadi dari ishuke.

Rangi ya kuzuia ukungu

Inafanya kazi yake, kwa muda, juu ya ukuta uliokauka. Ndani yake mna sumu ya kuvu inayotoka polepole kwenye utando wa rangi, na ikiisha, rangi inabaki ya kawaida. Wanaoilaani wengi wao waliipaka juu ya ukungu ulio hai au ukuta unaovuta maji, na rangi yoyote ile hapo itatoa malengelenge.

Kabla ya kufungua kopo, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, acha saa 24. Matone yakitokea upande wa ukuta, maji yanatoka ndani: kuna bomba, paa au msingi wa kushughulikia, na rangi isubiri. Yakitokea upande wa chumba, tatizo ni hewa, na hapo feni au mashine ndiyo tiba. Pakiwa pakavu pande zote, osha, suuza, acha pakauke siku 2 au 3, paka rangi ya msingi ya kuziba madoa, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe kwa kufuata muda wa kukauka ulioandikwa. Juu ya karatasi za ukutani usiipake, ng'oa kwanza.

Kwa plasta ya saruji au chokaa isiyo na rangi ya plastiki, chokaa ya kupaka ni chaguo zuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukali wake wa alkali, pH ya 12 hivi ikiwa mbichi, hauvumiliwi na ukungu, na ukuta unaendelea kupumua. Ukali huo hupungua kadiri inavyokutana na hewa, hivyo hupakwa upya mara kwa mara. Linda macho wakati wa kupaka, chokaa mbichi huunguza.

Vya kuacha dukani

Visahani vya kupima ukungu nyumbani huota ukungu kila mara, kwa kuwa mbegu zimo katika hewa yote. Matokeo hayakuambii chochote cha kutenda. Wala rangi nyeusi haithibitishi kwamba ni Stachybotrys, ule unaoogopwa. Aina nyingi ni nyeusi, na zote huondolewa kwa njia ileile. Mashine za ozoni nazo zinadhuru mapafu kwa kiwango kinachohitajika kuua ukungu, na zinauacha ulipo. Makopo ya moshi wa kufukiza yana kasoro hiyohiyo. Kisafisha hewa chenye HEPA hukamata mbegu zinazoelea na humsaidia mwenye mzio kulala, lakini doa la ukutani hakiligusi.

Kuna vitu ambavyo hakuna bidhaa itakayoviokoa. Godoro, zulia lenye sponji na ubao wa jipsamu uliolowa kwa zaidi ya saa 48 na kuota ukungu hutupwa. Vifungwe kwenye plastiki kabla ya kuvipitisha ndani ya nyumba. Jipsamu ikatwe angalau sentimita 30 kupita mwisho wa doa linaloonekana, kwa kuwa upande wa nyuma karatasi yake huwa imeliwa zaidi. Mbao zilizo nyuma zisuguliwe, zifyonzwe kwa HEPA, na zisifunikwe hadi kipima unyevu cha mbao chenye pini mbili kisome chini ya asilimia 15 hivi. Eneo likizidi mita 1 ya mraba, au maji yaliyoingia yalikuwa ya choo au mafuriko, au ukungu umo kwenye mabomba ya hewa ya kiyoyozi, mwite mtaalamu mwenye vifaa vya kuziba chumba, na wenye pumu, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu wahame hadi kazi iishe.